Nilivyoupata mkono wa "Sparkle"

Miezi mitatu nimeimaliza kwenye sekunde chache za muziki. Ni mwanzo wa "Sparkle", wimbo unaofungua albamu ya For You ya mwanamuziki wa Kijapani Tatsuro Yamashita, iliyotoka Januari 1982. Gitaa lake la Telecaster linaanza peke yake, kisha wenzake wanaingia.

Mimi nimekulia kwenye gitaa la rithim la muziki wa dansi, kwa hiyo kurudia pigo lilelile hakunichoshi. Kilichonishinda ni ule ukavu wa nyuzi. Zangu zililia zote kwa pamoja, pigo moja likimwagikia jingine. Nikabadilisha piki, nikabadilisha nyuzi, nikapunguza besi kwenye amplifaya. Wapi!

Yamashita amekataa nyimbo zake kuwekwa kwenye huduma za kusikilizia mtandaoni, kwa hiyo nilinunua santuri, toleo jipya la 2023. Nikaurekodi ule mwanzo kwenye kompyuta, nikapunguza kasi hadi nusu, gitaa nikaliweka chini, nikawa nasikiliza tu. Ndipo nikaelewa. Mkono wa kulia hausimami: unashuka na kupanda mfululizo, mara nne ndani ya kila pigo la mdundo, kama mtu anayepepea jiko la mkaa. Anayeamua ni wa kushoto. Ukibana, sauti inatoka. Ukilegeza vidole bila kuviondoa kwenye nyuzi, unasikia "chk" basi. Nilikuwa nautesa mkono usiohusika.

Wiki nzima nikacharaza nyuzi zilizokabwa, bila noti hata moja. Bega likauma, kwa sababu nilicheza kwa kiwiko badala ya kifundo cha mkono; nikapumzika siku mbili, nikaanza upya taratibu. Noti nikaziongeza mojamoja.

Bado nilikuwa natangulia. Gitaa la namna hii linakushawishi ukimbie, lakini Jun Aoyama kwenye ngoma na Koki Ito kwenye besi hawana haraka hata kidogo, na utamu wote wa funki, muziki wa mdundo kama huu, umelala hapo, kwenye utulivu wao. Nikaacha kujipimia mwenyewe, nikawa nacheza huku namfuata Aoyama, sikio kwenye ngoma ya mguu tu.

Juzi usiku matarumbeta yalipoingia, yalinikuta nipo palepale. Nikainua sindano, nikairudisha mwanzo.