"Dokta, moyo unanichafuka"

Nilishuka bandari ya Mkoani, Pemba, Alhamisi, nikapanda gari ya Wete. Boti ilipigwa na mawimbi njia nzima, abiria wakashika vifuko vyao vya kutapikia, na mwanangu wa miaka minne aliponiona akajificha nyuma ya bibi yake. Mpaka Magharibi ndipo akaja kunikalia. Zamu za usiku nimezizoea, tasnifu nayo itaandikwa. Hili sijalizoea.

Usiku jirani yetu akaniuliza: "Mwanangu, miaka mitano ya chuo, mmoja wa mazoezi hospitali, na sasa mingine mitatu? Yote hiyo ya sindano ya usingizi tu?" Nilikuwa nimechoka, sikumjibu vizuri.

Mwaka wangu wa kwanza wa ubingwa wa ganzi na usingizi, saa nane za usiku, alikuja mama wa kujifungua kwa kupasuliwa. Nikamchoma mgongoni dawa ya ganzi, bupivakaini ya asilimia 0.5, mililita mbili. Tukamlaza, tukamwekea kitambaa kilichokunjwa chini ya nyonga ya kulia, mimba isije ikakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Presha 118 kwa 76. Mkanda wa presha niliupanga upime kila dakika tatu, nikainamia fomu yangu.

Akanong'ona: "Dokta, moyo unanichafuka."

Nikamwambia avumilie, itapita.

Mwalimu wangu alikuwa mlangoni. Alikuja mbio, akafungulia dripu, akampiga efedrini, dawa ya kupandisha presha, kabla mkanda haujajaa. Namba ilipotoka ilikuwa 71 kwa 40. Muda si mrefu presha ikapanda, na mtoto akalia kwa nguvu zake zote. Baadaye mwalimu akaniuliza neno moja tu: "Alikwambia nini?"

Na mimi ukurasa ule nilikuwa nimeuhifadhi, kwa Kiingereza. Ganzi ya mgongo hulegeza mishipa, damu hubaki miguuni, presha huanguka, na mgonjwa huhisi kichefuchefu kabla mashine haijasema kitu. Kwenye mtihani nililijibu. Lakini "moyo unanichafuka" ni neno la bibi yangu, la watu wa boti, na mimi Mpemba mzaliwa nililisikia nikaliacha lipite, kwa sababu halikuja na sura ya kitabuni. Mashine ile ilikuwa bado na dakika mbili za kungoja. Mama hakungoja.

Tangu siku hiyo sikai mbali na kichwa cha mgonjwa. Kidole changu kipo kwenye mshipa wa mkono wake, na kabla ya sindano namwambia: moyo ukichafuka, kifua kikibana, hata masikio yakivuma, niambie hapo hapo, usinionee haya. Ukiwa na saa ishirini na mbili bila ya kulala, kumsikiliza mtu namna hiyo ni kazi nzito kuliko kutia sindano yenyewe. Miaka mitatu siioni mingi.

Binti wa yule jirani ana mimba ya miezi minane, na ameshaambiwa huenda akapasuliwa. Jumapili nitampitia kabla sijateremka bandarini, nimwambie akishachomwa aseme kila anachokihisi, na akiona hajasikilizwa, aseme tena.