Jioni Tuliyocheza na Watoto wa Baleti

Isukuti, ngoma yetu ya magharibi mwa Kenya, haipigwi ikiwa baridi. Ngozi ikilegea ngoma hukohoa tu, na Kisumu, kwa unyevu wa ziwa, ngozi hulegea upesi kuliko kwetu Shinyalu. Ndiyo sababu jioni ile ya mwaka 2016, wakati tulipoagizwa tutulie chumba cha kuvalia, mimi na wapigaji wenzangu tulikuwa nyuma ya jiko la shule moja ya Milimani tukimbembeleza mpishi atugawie makaa. Soja alikuja mbio na rungu lake akidhani tunaiba kuni. Mpishi ndiye aliyetutetea, akachota makaa kwa koleo na kutumwagia kwenye karai.

Shule ilikuwa inachangisha fedha. Mjomba wangu, aliyeongoza kundi letu, aliambiwa kwa simu kwamba kutakuwa na "kundi jingine la ngoma kutoka Nairobi". Tukawaza watu wa aina ya Bomas, ukumbi wa ngoma za makabila kule Nairobi, wale ambao mtu mmoja hukuchezea isukuti, akaenda kubadili nguo, akarudi na chakacha ya Pwani. Kumbe ni mwalimu wa baleti, ile dansi ya Kizungu ya kusimama kwa ncha za vidole, na wasichana wake, wamefunga nywele kisogoni kwa pini nyingi, miguu yao ikitazama nje hata wanapokwenda chooni.

Tuligawana darasa moja, katikati pamening'inizwa shuka lisiloficha kitu. Upande wao niliona msichana amepakata kiatu cha satini ya waridi, anakipaka kwa sponji ile poda ya maji ya usoni, rangi ya kahawia. Nilidhani anaficha uchafu. Mwalimu akanieleza kwamba ile rangi ya waridi ilibuniwa kwa mguu wa Mzungu, ili mguu uonekane mmoja mrefu kutoka pajani hadi ncha ya kidole. Ukiivaa mguu mweusi, mguu unakatika kifundoni. Waliobadilisha jambo hilo, alisema, ni Dance Theatre of Harlem ya kule New York, kundi lililoanzishwa mwaka 1969 na Arthur Mitchell pamoja na mwalimu wake Karel Shook. Martin Luther King alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia, na Mitchell, Mweusi aliyekwisha kupata jina kwenye baleti, akaona kazi yake iko Harlem, mtaani alikokulia. Walianza kufundishia kwenye gereji, milango wazi, watoto wapita njia wakichungulia na kuingia. Katika miaka ya 1970 wachezaji wake wakaanza kutia viatu na soksi rangi ya ngozi zao. Kuna wanaotumia hata chai ya rangi iliyokolea.

Mjomba alisikiliza yote hayo akivuta viatu vyake vya mpira. "Kwenye gereji," akasema. "Hao walijua kazi."

Kisha yule msichana akachukua kiatu kingine, kipya, akaanza kukigonga ukutani. Ncha yake ni tabaka za kitambaa na gundi iliyokauka, ngumu ajabu, na kisipogongwa kinapiga kelele jukwaani. Nilicheka peke yangu. Sisi tulitoka kuchoma ngoma zetu ili zipige kelele.

Jukwaa lilikuwa la saruji. Mwalimu alilikanyaga huku na huku, uso umemkunjamana, kwa sababu baleti inataka sakafu ya mbao inayonepa, la sivyo miundi ya watoto inaumia. Akapunguza miruko papo hapo. Wakacheza dansi ya theluji, katika lile joto la Kisumu, muziki wa Tchaikovsky ukitoka kwenye spika. Mwanzoni watu walichekacheka, viatu vikisikika ko-ko-ko kama mbuzi juu ya mwamba, licha ya kugongwa kote. Halafu ukumbi ukatulia. Nilikuwa karibu, pembeni mwa pazia, nikaona jasho likiwatiririka shingoni na mbavu zikitweta, ilhali nyuso zinatabasamu. Tangu siku hiyo simkubalii mtu anayeniambia kwamba ule ni mchezo wa kujidekeza.

Zamu yetu ilipofika, mshereheshaji akatunong'oneza: "Wazee, mtazame watu, msiwape mgongo."

"Nani amelala huko mbele?" mjomba akauliza.

Hakuwa na utani. Isukuti huchezewa mtu. Matangani inamchezea marehemu na watu wake, harusini inampokea bibi harusi, na alfajiri ya siku ya mchezo wa fahali inatembea na fahali kutoka boma lake hadi uwanjani Khayega. Hata mashabiki wa timu ya kandanda ya AFC Leopards wanapoipiga, kuna Ingwe, yaani Chui, timu yenyewe, mbele yao. Sasa tunaambiwa tuchezee upande.

Mwalimu wa baleti ndiye aliyetukwamua. "Mzee, hata sisi tulianza na mtu," alimwambia. Akamweleza habari za Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyeunda chuo cha dansi mwaka 1661, na jinsi ambavyo katika jumba lake hukuthubutu kumpa mfalme kisogo. Miguu ikizoezwa kutazama nje, unaweza kwenda upande na uso wako ubaki kwake.

"Basi tumtafute mfalme," mjomba akasema, akamtuma kijana jikoni.

Mpishi akaletwa na aproni yake, akaketishwa mstari wa mbele kabisa. Pembe ya swala ikalia, ngoma tatu zikaingia, baba, mama na mtoto, njuga zikafuata, na mjomba akaanza kumsifu: mtu wa makaa, mtu aliyemshinda soja, mtu asiyenyima mgeni moto. Mpishi alistahimili kidogo tu. Akanyanyuka, mabega yakamruka, akapanda jukwaani kumbandika mjomba hamsini kwenye paji la uso. Baada ya hapo wazazi walipanga foleni.

Baadaye, nje, wasichana walitaka tuwafundishe mabega. Hawakuweza. Wamefundishwa miaka mingi kuyatuliza, na isukuti iko hapo hapo. Nami niliposimama kwa namna yao, visigino pamoja na vidole nje, nilishikwa na mkakamao wa misuli mpaka nikakaa chini.

Mwalimu akamuuliza mjomba tunafanya mazoezi mara ngapi.

"Watu hufa kila wiki, Mwalimu."

Mwalimu alicheka, lakini lilikuwa jibu kamili. Sijawahi kuhudhuria darasa la isukuti. Nilijifunza matangani, nikishikilia njuga, hadi mpigaji mmoja akachoka nikapewa ngoma ndogo. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka: wazee wanaondoka, warithi ni haba, na vijana wanafuata muziki wa biashara. Kwa maoni yangu jukwaa halitaokoa kitu. Kilichotuua ni kamati za mazishi kuanza kukodi spika. Baleti hulipiwa na wazazi, na mwalimu alituambia hofu yake ni kidato cha tatu, wasichana wanapoacha ili wasome.

Tulipopita Kiboswa tukirudi nyumbani, mjomba alihesabu noti za tuzo. Alitenga hamsini ya mpishi: hiyo hailiwi, Jumamosi tuna matanga, na ngozi ya ngoma ya kati imeanza kuchanika. Mpiga pembe akasema hamsini hainunui hata kamba. Walibishana hadi Chavakali, mpiga pembe akashuka akidai nauli yake.