Siku moja maishani mwangu: safari ya kwanza na semi ya kampuni

Saa 10:00 alfajiri

Yadi yetu iko kando ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam. Nimeendesha magari ya mizigo kwa miaka kadhaa, Canter ya kusambaza saruji, halafu Fuso ya tajiri mmoja wa Kariakoo, lakini semi ya kampuni, lori la kichwa na tela refu, ni mambo mengine. Leo naanza safari ya masafa: tani 30 za mbolea, mifuko 600 ya kilo 50, kwenda Zambia kupitia mpaka wa Tunduma. Ni mwezi wa kumi, na wakulima wa kule wanataka mbolea iwe ghalani kabla mvua haijaanza.

Dereva mpya hapewi gari akaachwa peke yake. Anapangiwa mzoefu wa kumpitisha njia. Wangu ni mzee mmoja mwembamba, mwenyeji wa Njombe, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto la Dar. Yadi nzima inamwita Mzee tu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari umelizunguka?"

Nilikuwa nimelizunguka, lakini akataka tulizunguke tena, safari hii na nyundo. Matairi yako 22, kumi kwenye kichwa na kumi na mawili kwenye tela, na yale ya ndani huwezi kuyaona vizuri hata ukiwa na tochi. Kwa hiyo unagonga. Tairi lenye upepo wa kutosha linajibu kwa sauti kavu na nyundo inaruka mkononi. Lililopungua linameza pigo. Kwenye ekseli ya pili ya tela, upande wa kulia, la ndani likameza. Fundi akaja, akabadilisha pini ya valvu, akajaza, tukagonga tena.

Baada ya hapo hosi za upepo, taa za nyuma, mikanda ya turubai, na lakiri ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato, ambayo waya wake umepita kwenye kamba zote za turubai. Mzigo wa transiti, yaani unaopita tu kwenda nchi nyingine, ukifunguliwa njiani, forodha wanajua. Kisha ofisini kusaini: lita za mafuta, karatasi za mzigo, posho ya safari. Kwenye Fuso nilikuwa nawasha na kuondoka. Hapa saa nzima imepita na gari halijasogea hata hatua.

Saa 11:15 alfajiri

Tumetoka. Ubungo, Kimara, Mbezi. Mzee amefungua fomu ya kunipima, ameiweka juu ya goti, na kalamu amebana sikioni. Haongei. Nikibadili gia anasikiliza injini.

Saa 1:30 asubuhi, Vigwaza

Mabasi ya Mbeya yaliyotoka stendi ya Magufuli alfajiri yameshatupita yote. Sisi tuko kwenye foleni ya mizani.

Hapa ndipo dereva wa masafa anapotofautiana na dereva wa mjini. Kwenye Fuso, swali lilikuwa kama mzigo umeingia. Hapa swali ni umekaa wapi. Tangu 2019 Tanzania inafuata sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, na sheria hiyo haitazami jumla peke yake. Ekseli ya usukani mwisho tani 8, zile mbili za nyuma ya kichwa kwa pamoja tani 18, tatu za tela tani 24. Unaweza kuwa ndani ya jumla ukakamatwa kwa sababu wapakiaji walirundika mifuko mbele ili wamalize haraka.

Ndiyo maana jana wakati wa kupakia nilisimama juani nikihesabu safu, na nikawaomba vijana warudishe safu mbili nyuma. Walinung'unika. Mmoja akaniuliza kama mbolea ni ya baba yangu.

Unapita kwanza kwenye mizani inayopima gari likitembea polepole. Ikikutilia shaka, unaelekezwa kwenye ile ya kusimama. Mimi nikaelekezwa. Nikapanda jukwaani taratibu, nikazima injini, nikasubiri. Karatasi ikatoka: 7.1, kisha 17.6, kisha 23.4. Jumla tani 48.1. Zile mbili za kichwa zilibakiwa na kilo 400 tu kufika ukomo. Zile safu mbili zingebaki mbele, ningekuwa pembeni sasa hivi natafuta vibarua wa kupanga upya mifuko.

Mzee akaitazama karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye faili. Akaandika kitu kwenye fomu yake. Sikukiona.

Saa 2:50 asubuhi, Chalinze

Hatukusimama. Njia ya Tanga inachepuka kulia, sisi tunanyoosha.

Ila baada ya mji kidogo, pembeni mwa barabara, kijana alisimama na dumu la njano. Hasemi kitu. Anainua dumu juu, analishusha, analiinua tena. Kila dereva wa barabara hii anajua maana yake: nina pesa, una dizeli? Zamani, wanasema, dereva angeweza kurudi Dar na pesa ya mafuta inayozidi mshahara. Sasa tangi lina kihisi, na ofisini kuna mtu anatazama mstari kwenye kompyuta. Mstari ukishuka ghafla gari likiwa limesimama, simu inaita kabla hujafunga kifuniko.

Madereva wengi wanaichukia hiyo kompyuta. Wanasema inakufanya uonekane mwizi kabla hujaiba. Nawaelewa. Lakini tajiri wangu wa Fuso hakuwa na kompyuta, alikuwa na simu, na alikuwa akipiga saa nane usiku: "Umefika wapi? Bado tu?" Nimelala usingizi huku macho yakiwa wazi, naendesha, kwa sababu yeye alitaka mzigo uwahi soko. Hapa kanuni ya kampuni ni kwamba saa 12:30 jioni gari limepaki, na kila baada ya saa nne unapumzika. Mtambo unaoniripoti nikikimbia ndio huohuo unaonishuhudia kwamba nimechoka kihalali. Mimi nimechagua upande wangu.

Saa 4:00 asubuhi, Mikese

Mizani nyingine. Namba zilezile. Dakika ishirini.

Saa 4:45, Morogoro

Chai ya maziwa, chapati, maharage, kwa mama mmoja jirani na stendi ya Msamvu. Meza ni moja ndefu na madereva wote wanaongea kwa pamoja. Leo mada ni treni ya SGR, reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar mwaka 2024. Mmoja anaapa kwamba baada ya miaka michache semi zitakuwa chuma chakavu. Mwingine anamuuliza reli hiyo inakwenda wapi. Dodoma, halafu Tabora, halafu Mwanza. "Sasa mbolea ya Zambia itashukia Dodoma ipande punda?" Meza ikacheka. TAZARA ndiyo inayokwenda Zambia, na ipo tangu miaka ya 1970, na bado tupo barabarani.

Mimi sina uhakika wa kucheka kama wao. Lakini chapati zilikuwa nzuri.

Saa 6:40 mchana, Mikumi

Barabara kuu inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na mwendo umewekewa ukomo. Kuna ubao unaoorodhesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake kwa dola. Bei ya twiga ukiisoma, mguu unatoka wenyewe kwenye pedali ya mafuta.

Nyasi zimekauka, sehemu nyingine zimechomwa, kwa hiyo unaona mbali. Swala wengi. Tembo wawili chini ya mti, mbali kidogo. Nyani ndio wenye barabara: wanakaa kwenye lami wakisubiri watu watupe maganda, na hawaondoki mpaka uwafikie kabisa. Kwa mara ya kwanza leo Mzee alifungua mdomo bila kuulizwa. "Nyani usimuogope. Muogope aliye nyuma yako anayetaka kukupita kwa sababu ya nyani." Na kweli, kwenye kioo kulikuwa na basi dogo limeshachomoza pua.

Saa 7:45 mchana, Mikumi mjini

Wali, nyama, mchicha, na maji ya baridi. Na somo.

Mzee aliniuliza kwenye usaili niliuliza nini. Nikamwambia niliuliza mshahara na bima. Akatikisa kichwa. "Siku za mpakani uliuliza nani analipa?" Posho ya safari inapigiwa hesabu ya siku za kawaida. Foleni ya Tunduma ikigoma, unaweza kukaa siku juu ya siku, unakula, unaoga kwa kulipia, unanunua vocha, na posho ni ileile. Kampuni nyingine zinaongeza, nyingine hazitaki hata kusikia. Yetu inaongeza, ilimradi utume picha ya foleni yenye tarehe. Hilo hakuna aliyeniambia ofisini. Nawaandikia hapa nyinyi mnaotafuta kazi hizi: leseni ya daraja E na cheti cha chuo wanaviuliza wao, siku za mpakani ulizeni nyinyi.

Saa 10:10 jioni, Ruaha Mbuyuni

Joto kali. Mibuyu haina majani, imesimama mamia kwa mamia mpaka milimani. Vitunguu vimepangwa kando ya barabara kwenye ndoo na nyavu. Mzee akanunua ndoo nzima, akaipeleka nyuma ya kiti. Nikataka kuuliza Njombe hakuna vitunguu, nikanyamaza.

Nikasimamisha, tukazunguka gari tena na nyundo. Mbele yetu ni Kitonga.

Saa 10:45 jioni, Kitonga

Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na kona zinafuatana bila kukupa nafasi ya kunyoosha mgongo. Wanaoshuka wanakuja na harufu ya breki zilizochemka. Unaisikia puani kabla hujaliona gari.

Kanuni ya kupanda ni moja: chagua gia nzito chini, usiichague katikati. Tani 48 zikikuvuta nyuma wakati gia iko hewani, hakuna dereva, kuna abiria. Nikaingia na gia ya pili, sindano ya mizunguko ikatulia, tukaanza kutambaa kwa mwendo ambao mtu wa miguu angetusalimia.

Katikati ya mlima nikaona matawi ya miti yamelazwa kwenye lami. Hiyo ndiyo pembetatu yetu ya tahadhari. Lori limeharibika kwenye kona inayofuata, na utingo wake amesimama na fulana nyekundu akiniinulia mkono: simama.

Kusimama ni kazi nyepesi. Nikavuta breki ya mkono, upepo ukalia psss, gari likakaa. Utingo akapitisha wanaoshuka: semi mbili, basi, tangi la mafuta. Kisha akanigeukia na kupunga fulana. Hapo jasho lilikuwa limefika kwenye soksi. Gia ya kwanza. Klachi juu polepole mpaka kichwa kiinue pua kidogo na mtetemo ubadilike. Unasubiri. Bado. Ukiachia breki mapema tela linarudi, ukichelewa klachi inaungua. Nikaachia. Kwa kitambo kifupi hakuna kilichotokea, halafu lori likaanza kusogea mbele.

Mzee hakuwa akiniangalia. Alikuwa akitazama bondeni. Tulipolipita lile bovu akaanza kusimulia, kama vile mazungumzo yalikuwa yanaendelea tangu asubuhi. Baba yake alipita hapa ikiwa ni vumbi. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilibanwa njia ya kusini, na mafuta yakaanza kupita huku, mapipa juu ya malori, masika na kiangazi. Hell Run, ndivyo walivyoiita. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar kwenda Zambia, lilianza kazi 1968 na mapipa yakapungua. "Baba alikuwa anasema mvua ikinyesha hapa, wanalala wote mlimani, kila mtu na jiwe lake nyuma ya tairi."

Nikamuuliza baba yake alipimwa na nani safari ya kwanza. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Na mlima."

Saa 12:10 jioni, Ilula

Hewa imebadilika, sasa naielewa ile kofia ya sufu. Nyanya zimejaa kila mahali, kwenye matenga, kwenye pikipiki, mpaka juu ya paa za vibanda. Nimepaki kwenye maegesho yenye mlinzi, nikazunguka gari na nyundo, nikagusa vitovu vya magurudumu kwa mgongo wa mkono kuona kama kuna breki iliyong'ang'ania. Vya moto, lakini vyote sawasawa. Lakiri ipo.

Ofisi walipiga saa 12:25. Dada wa zamu akaniuliza kwa nini nilisimama Kitonga dakika kumi na moja. Nikamweleza. Akasema, "Sawa kaka, nimeandika," na kukata. Nikampigia mama watoto, akataka kujua kama nimekula, na mdogo akataka kujua kama nimeona simba. Nikamwambia tembo wawili. Hakuridhika.

Saa 2:00 usiku

Mzee alinipa fomu nisaini. Vipengele vyote vimewekwa vema, gia, breki, mizani, ukaguzi. Kwenye nafasi ya maoni, ambako nilimwona akiandika tangu Vigwaza, kuna hesabu ya bei za vitunguu: Ruaha Mbuyuni kiasi hiki, Makambako kiasi kile, faida ya ndoo moja imepigiwa mstari mara mbili.

"Ofisini hawasomi hapo," akasema, na kupanda kitanda cha juu.

Kesho mizani ya Wenda, Mafinga, Makambako. Tumekubaliana kuamka saa 10:30 alfajiri, kwa sababu foleni ya Wenda asubuhi huwa ndefu na Mzee anataka kuwahi soko.