Siku moja maishani mwangu: nauza mikoba mtandaoni, na nyumbani kwangu si dukani

Saa kumi na nusu alfajiri ninakuwa nimeshaoga na nimeshamwachia mama fedha ya uji wa watoto. Nauza mikoba ya kike ya mtumba kupitia Instagram na WhatsApp, hapa hapa Dar es Salaam, na ninaiandika siku hii kwa sababu watu wengi wanaotuona mtandaoni huamini kwamba kazi yetu ni kukaa kitandani na simu mkononi, kupiga picha mbili tatu na kusubiri muamala uingie. Mtaa ninaoishi sitautaja, na msomaji akifika katikati ya maelezo haya atakuwa ameshaelewa kwa nini.

Saa kumi na mbili niko Karume, Ilala. Mabelo yanafunguliwa, sisi wanunuzi wadogo tunainama juu ya lundo, na anayechelewa hubakiwa na vile vilivyokataliwa na wenzake. Leo nimepata mikoba michache ya maana, na mmoja ni wa ngozi halisi ya rangi ya kahawia: zipu yake ya shaba inateleza bila kukwama, bitana haijachanika, na mkanda wake umeshonwa mara mbili kwa uzi mnene. Mkoba wa namna hiyo naubana kwapani kabla hata sijauliza bei, maana ukiuweka chini ili uulize, mwingine ameshauchukua.

Saa tatu nimesharudi, nimeifuta mikoba kwa kitambaa chenye sabuni na kuianika kivulini. Saa nne ni ya kupiga picha, na hapo ndipo inapoanza ile sehemu ya kazi ambayo mteja haioni. Picha hupigwa chumbani kwangu, mbele ya shuka jeupe nililolitandaza ukutani. Shuka lile halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Linaziba dirisha ambalo kupitia kwake linaonekana tangi la maji la jirani na mnara wa msikiti, na mtu yeyote wa upande wetu akiviona vitu hivyo viwili kwa pamoja atajua mara moja ni mtaa gani. Kabla ya kurusha picha naikuza kwenye kioo cha simu na kuikagua pembe kwa pembe. Je, sare ya shule ya mwanangu, yenye nembo kifuani, imening'inia pale nyuma? Je, mita ya umeme ya LUKU inasomeka? Kamera za simu zinaweza kuhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa hiyo huduma hiyo nimeizima. Mlango wa nje siupigi picha kabisa, kwa kuwa tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 nyumba nyingi zimebandikwa vibao vya namba na barabara zimewekewa nguzo zenye majina. Hilo ni jambo jema kwa gari la wagonjwa na kwa kila mwenye haja halali ya kukufikia, lakini lina maana pia kwamba picha moja ya mlango inatosha kumleta kwako mtu usiyemjua.

Saa tano na nusu picha zinapanda, na maswali yanaanza kumiminika. La kwanza huwa ni bei gani. La pili, bila kukosa, ni mnapatikana wapi. Jibu langu halibadiliki: tupo Dar es Salaam, hatuna duka la kutembelewa, mzigo unakufuata ulipo kwa boda au tunakutana kwenye jengo la maduka la Mlimani City mchana. Wengi wanaridhika, wanauliza nauli ya boda, tunamalizana. Wapo wachache wasioridhika, na kwa hao naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu katika ujumbe wa simu sipati nafasi ya kueleza.

Mwenye duka Kariakoo akifunga jioni anateremsha geti la chuma, anamwachia mlinzi, na mteja aliyemkasirikia mchana hajui anakokwenda kulala. Mimi mteja akija kwangu anaiona bidhaa yote niliyonayo, anamwona mama yangu mwenye miguu inayomsumbua, anawaona watoto, anaona dirisha lipi halina nondo, na anaondoka nayo hiyo picha yote kichwani. Mkoba nitakuwa nimeuuza mara moja, lakini anayepajua kwangu atapajua siku zote. Mwenzangu mmoja tunayenunua naye Karume alikuwa akiwapokea wateja sebuleni. Wakaja wawili asubuhi, wakachambua viatu vyote, wakasema watarudi na fedha. Usiku wa siku ileile nyumba ilivunjwa, na vilivyobebwa ni vile vile walivyokuwa wamevishika. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ni wao. Yeye leo haagizi tena mzigo mkubwa, na anapozungumza habari hiyo huwa anashusha sauti kana kwamba bado wamo ndani.

Kwa hiyo niliamua kuitenganisha nyumba na biashara kwa kila njia iliyo ndani ya uwezo wangu. Laini ya biashara si ile wanayonipigia ndugu zangu. Malipo napokea kwa lipa namba, kwa sababu ukimtumia mtu fedha kwenye namba yake ya kawaida unaletewa jina lake kamili alilosajiliwa nalo, ilhali lipa namba inamwonyesha mteja jina la biashara, na jina hilo ndilo analohitaji kulijua. Boda hawafiki mlangoni. Mzigo naubeba mwenyewe hadi barabara kuu, karibu na kituo cha mafuta, na kumkabidhi pale, jua liwe kali au mvua iwe inanyesha.

Leo saa sita na dakika chache ameingia dada mmoja aliyeupenda ule mkoba wa ngozi. Bei ni shilingi 45,000, na hakubishana nayo. Alichotaka ni lokesheni.

"Mdogo wangu, nielekeze kwako nije niuone mwenyewe, mimi sinunui kitu sijakishika."

Nikamjibu kwa heshima zote: "Karibu sana, dada. Nyumbani hatupokei wateja, ila naweza kukuletea Mlimani City saa nane. Uukague kwa nafasi yako, ukikupendeza ndipo ulipe."

"Sasa kama wewe si tapeli, kwako unaficha nini?"

Swali hilo huniuma kila ninapoulizwa, na huniuma zaidi kwa kuwa anayeuliza ana sababu zake. Wapo watu wengi waliotuma fedha kisha wakazuiwa na muuzaji asipatikane tena, na wapo waliolipia gauni la kwenye picha wakaletewa kitu kingine kabisa. Sina haki ya kumkasirikia mtu kwa kuogopa jambo ambalo kweli lipo. Ndiyo maana mteja anayetaka kukutana nami simdai hata shilingi moja ya kutanguliza, na nauli ya kwenda kumwona naitoa mimi. Lakini kumwelekeza nyumbani kwangu hakumkingi na utapeli hata kidogo, kwa kuwa tapeli anaweza kukukaribisha katika chumba cha kupanga leo na kesho akawa amehama. Kinachomkinga mnunuzi ni kukishika kitu kabla hajatoa fedha, kulipia kwa njia inayobakiza kumbukumbu, na kukutana mahali palipo na watu. Vyote vitatu nimempa.

Hakuridhika. Zikafuata sauti za kurekodi, moja baada ya nyingine, kisha simu, kisha ombi la lokesheni inayotembea ili aone ninakotokea, kisha maneno kwamba rafiki yake aliwahi kuletewa mzigo wangu, na kwamba yeye ameshampigia yule boda kumwuliza aliuchukulia wapi. Boda alimwambia ukweli, kwamba aliuchukulia kituo cha mafuta. Nilipousikia ujumbe huo nilikaa chini kwanza. Nilifurahi kwamba ule mwendo wa juani na mzigo begani ulikuwa na maana, na papo hapo nikasikia ubaridi tumboni, kwa sababu mtu mzima, mwenye kazi yake, hakuona tatizo lolote kumpigia mtu asiyemjua ili apate nyumba ya mwanamke asiyemjua. Hatimaye akasema sawa, saa nane.

Kabla ya kutoka nilimtumia mdogo wangu wa kike namba ya huyo dada, mahali tunapokutana, na saa ambayo nisipompigia inabidi anitafute. Hilo silifanyi kwa wanaume pekee. Nalifanya kwa kila mteja.

Saa nane kamili nilikuwa mlangoni Mlimani City, pale walipo walinzi na watu wanaoingia na kutoka. Saa nane na nusu hajafika. Saa tisa akasema foleni. Baadaye, sikutazama saa tena, akapiga na kusema yuko kwenye maegesho ndani ya gari, jua ni kali, niende nikampe huko. Nikamwambia, "Dada yangu, nipo hapa mlangoni kivulini, nakusubiri." Akakata simu. Akapiga tena. Nikarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, kwa kuwa nimeshajifunza kwamba ukiongeza maelezo unampa mtu kitu cha kubishania. Mgongo ulikuwa unaniuma tangu Karume, maji yalikuwa yameniishia, na wateja wengine walikuwa wanauliza kwenye simu mbona niko kimya. Alipokuja alikuwa mama wa makamo aliyevaa vizuri, peke yake, na alinisalimia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mkoba aliukagua kama fundi. Alifungua na kufunga zipu, akaigeuza bitana nje, akanusa ngozi, akavuta mkanda kwa nguvu zake zote. Nilimwacha na sikumharakisha, kwa sababu hiyo ndiyo haki niliyomwahidi. Akaupenda. Akalipa. Akanionyesha simu yake kwamba fedha zimekatwa. Upande wangu hapakuingia kitu.

Mtandao ulikuwa unasumbua. Yeye akanyoosha mkono auchukue mkoba, mimi nikaubakiza mkononi na kumwomba tusubiri pamoja. Ujumbe unaoonekana kwenye simu ya mteja siutegemei, na hata ule unaoingia kwenye simu yangu siuamini mpaka nimetazama salio mwenyewe, kwa maana wapo wanaotunga jumbe zinazofanana na za kampuni za simu herufi kwa herufi, zikiwa na kiasi na namba ya muamala. Nilimweleza hivyo. Akapaza sauti kwamba ninamdhalilisha mbele za watu. Watu wakageuka, mlinzi akasogea. Nikatazama salio, bado. Nikatazama tena, bado. Kusimama dakika zile huku mtu anakuita mwizi wa kisasa, wewe unajibu tu "nisamehe, dada, bado haijaingia", ni kazi nzito kuliko kubeba belo. Ilipoingia nilimwonyesha, nikamkabidhi mkoba kwa mikono miwili na kumshukuru. Naye akalainika ghafla, akasema ana gari, anisindikize hadi nyumbani kwa kuwa amenichelewesha. Naamini alisema kwa moyo safi. Nilimshukuru tena na kumwambia bado nina pa kupitia.

Nilimpigia mdogo wangu. Kisha daladala, nimesimama njia nzima, kisha giza.

Usiku, watoto wakiwa wamelala, nafungasha mizigo ya kesho. Ninayo daftari ya majina, namba na mahali wanapoishi wateja wangu, na daftari hiyo hukaa ndani ya sanduku lenye kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeanzishiwa Tume yake, na nilipoisikia ikielezwa redioni niliona inazungumza na mimi pia, kwa kuwa nikidai nyumba yangu isijulikane siwezi kurusha picha za mazungumzo ya wateja zikiwa na majina na namba zao ili tu nionyeshe kwamba ninauza. Wateja wakinisifu nafuta kila alama kabla ya kurusha, au sirushi.

Jambo la mwisho la leo lilikuwa la heri. Nikiwa narudi nilipita kwa wakala wa fedha aliye kando ya barabara kuu, mbali kidogo na mtaa wetu, baba mmoja ambaye tunaheshimiana kwa miaka. Nilimsalimia, nikamweleza shida yangu, kwamba nahitaji mahali pa mchana ambapo mteja anaweza kuja kukagua mzigo bila kunisubiri na bila kufika kwangu. Alifikiri, akahesabu nafasi iliyopo nyuma ya meza yake, akasema shilingi 1,000 kwa kila mzigo, mwisho saa kumi na mbili jioni, na mzigo usioondoka ndani ya siku tatu nije niuchukue. Mteja akiupenda atalipia pale pale kwa lipa namba yangu, naye hatautoa mkoba mpaka nimpigie kwamba fedha zimeingia. Kuhusu mimi, hata akiulizwa hatajibu chochote. Tulikubaliana kwamba juu ya mfuko sitaandika jina la mtu, ila namba tu, na orodha ya nani ana namba gani nitabaki nayo mimi. Kesho napeleka mitatu ya kwanza.