Siku Ambazo Siumwi

Leo siumwi. Nimeamka viungo vikiwa vyepesi, nimemeza dawa zangu za selimundu, foliki na haidroksiyurea, nimejaza chupa ya maji kabla ya kutoka. Siku kama hizi ndizo zenye kazi, ingawa anayenitazama haioni.

Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu za damu za mtu asiye nao huishi siku 120 hivi. Zetu huishi kati ya 10 na 20. Oksijeni ikipungua au mwili ukikaukiwa maji, zinapinda, zinakwama kwenye mishipa midogo, na maumivu yanaanza. Kwa hiyo jua la Kisumu nalikabili kwa kunywa kabla ya kiu kunishika. Mvua ya alasiri ikinikuta sokoni Kibuye, nasubiri ikatike, maana baridi nayo huamsha maumivu. Sipandi bodaboda nimelowa.

Utotoni Mama ndiye aliyebeba haya yote: neti, dawa za kuzuia malaria kila siku, mkono wake tumboni mwangu upande wa kushoto akitafuta kama bandama imevimba. Huku kwetu kanda ya ziwa wengi wamesikia kwamba selimundu hukinga malaria. Anayekingwa ni aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu. Sisi tulioirithi kwa wote wawili, malaria hutuangusha vibaya, na inaniuma kuona wazazi wakilegeza neti kwa sababu ya maneno hayo.

Lakini dawa na maji ni rahisi kuliko watu. Mwezi uliopita tulimzika shangazi yangu huko Siaya. Mkesha ulikuwa nje, na baada ya mvua baridi ilikuwa inapenya hadi mifupani. Nilikaa na wenzangu, tukaimba, kisha nikaaga nikalale ndani. Mjomba akaniuliza mbele ya watu, "Hata shangazi yako huwezi kumkesha?"

Nikamwambia, "Mjomba, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akinifukuza kwenye baridi. Nikiugua usiku huu, kesho mtaacha maziko mnikimbize hospitali."

Hakujibu. Nilimpenda sana shangazi, na kuingia ndani kuliniuma. Hata hivyo ningefanya vivyo hivyo tena.

Ndani nilimkuta binamu yangu na mwanawe wa miaka miwili, ambaye ndiyo kwanza amegunduliwa ana selimundu. Tulizungumza hadi usiku wa manane. Nilimwambia penisilini ni kila siku, angalau hadi mtoto atimize miaka 5, kwa kuwa bandama huharibika mapema na mwili unakosa kinga dhidi ya bakteria fulani hatari. Nikamwambia pia kwamba homa ikifika nyuzi 38.5 asikae nyumbani akingoja panadol iishushe. Ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mtoto bado anacheza. Akaniuliza kama mwanawe atasoma, atafanya kazi, ataoa. Nikamwambia, "Dada, mimi nimesoma na ninafanya kazi."

Jumatatu ni kliniki yangu, lazima damu ipimwe kwa sababu haidroksiyurea inaweza kushusha chembe nyeupe. Binamu anakuja na mtoto. Nitawapokea stendi.