Uzi unaokimbia kuliko basi la mkoani

Wale mnaovaa jezi na madera ya polyesta, hebu niwape stori ya leo. Huku China ninakosomea mambo ya nguo, tumepelekwa kiwandani kuona uzi unavyozaliwa.

Polyesta ni plastiki; inayeyushwa kwenye joto la nyuzi 280 hivi, inasukumwa kwenye sahani ya chuma yenye vitundu vidogo sana, kisha inapulizwa na upepo wa baridi huku mashine ya chini ikiivuta. Kasi yake? Mita 3,000 na ushee kwa dakika, yaani kilomita 180 kwa saa. Basi la mkoani halioni ndani!

Utamu uko njiani. Kwa kasi hiyo uzi unakonda taratibu na molekuli zake zinaanza tu kujipanga, ndiyo maana unauzwa ukijulikana kuwa bado utavutwa tena kwa joto. Pandisha hadi karibu mita 5,000 uone: kabla haujafika chini, uzi unatengeneza shingo, unakonda ghafla ndani ya sentimita chache, na hapo hapo molekuli zinanyooka na kuganda kuwa fuwele, yaani zinajipanga kwa safu na kushikana. Kwa macho huoni lolote, ni mstari unaong'aa tu.

Kelele sasa, usiseme! Tuliongea kwa ishara. Fundi akachukua uzi wa kasi ndogo, akauvuta kwa vidole: ukarefuka, haukurudi. Wa kasi kubwa ukagoma kabisa.

Maswali karibuni, ila bei za majora kawaulizeni Kariakoo.