Tulivyoirudisha Pijo nyumbani Usangi

Tulitoka Tabata saa kumi alfajiri. Kaka kwenye usukani, mama kiti cha mbele kushoto kama kawaida yake, mi na dada katikati, kile kiti cha tatu cha nyuma tumekilaza kimejaa mchele na madumu ya mafuta ya kula, na juu kwenye keria tumefunga godoro na viti viwili vya marehemu baba, mzee wetu. Kaka alipiga stata mara mbili ikagoma, ya tatu ikawaka. Mama akapapasa dashibodi akasema "haya twende baba." Kama alikuwa anaongea na gari au na marehemu sijui, hakuna aliyemuuliza.

Gari yenyewe ni Peugeot 504 wagoni, ile ndefu ya viti safu tatu. Sisi nyumbani tunaiita Pijo tu, hatujawahi kuipa jina lingine. Mzee aliinunua mwaka 1987 kwa mwenzake wa kazini, wakati huo tayari ilikuwa gari ya mtu, imeshatembea. Alikuwa mwalimu, akauza ng'ombe na kukopa kwenye ushirika, na mama anasema mwaka ule wote tulikula dagaa. Tangu hapo kila kitu cha familia yetu kimepita kwenye hii gari. Matranka ya kwenda shule za bweni, maharusi wa ukoo, gunia za mahindi, majirani wenye uchungu wa uzazi usiku wa manane, na mdogo wetu wa mwisho nusura azaliwe humo humo kwenye foleni ya Buguruni. Safari ya mwisho ya mzee kwenda hospitali alipanda hiyo hiyo, dada ndo aliyeendesha.

Baada ya msiba ikakaa uani karibu miaka miwili. Milango ya nyuma imeliwa na kutu ya chumvi ya Dar, bampa ya mbele imefungwa waya, kioo kimoja hakishuki na kingine hakipandi. Vijana wa mtaani walikuwa wanaiita mkweche na mama alikuwa anaumia kabisa, siku moja alitoka nje akawaambia huu mkweche ndo uliwapeleka mama zenu kujifungua. Kisha akaja mtu wa vyuma chakavu. Kaka alishakubaliana naye bei ya kilo, na simlaumu kaka, uani hapakuwa na nafasi na hela ya matengenezo alikuwa anatoa yeye. Mama alisikiliza mpaka mwisho halafu akasema anahamia Usangi, kwetu kule milimani Upare, na kama yeye anarudi nyumbani na Pijo inarudi nyumbani. Basi, ikawa hivo. Fundi wetu wa zamani akaja akafanya kazi wiki nzima, akabadilisha hosi paipu zote, feni belti, plagi, akasafisha kabureta na kuziba tundu la rejeta, akasema injini haina shida kabisa, bodi tu ndo imechoka.

Watu wengi sa hivi wakienda kaskazini wanapita Bagamoyo wanatokea Msata, inapunguza foleni. Sisi tulipita Chalinze kwa sababu ndo njia ya mzee. Kibaha tulipita bado giza, Mlandizi jua linatoka, na kaka akaanza kuizoea tena ile gia ya pembeni ya usukani ambayo vijana wa leo wakiiona wanadhani ni ya indiketa. Yeye alijifunza kuendesha kwa gia hiyo hiyo. Mpaka Chalinze alikuwa kimya, pale tulipokunywa chai dada akamwambia ampokee, akasema hapana bado hajachoka. Akasema hivyo hivyo Segera, na Korogwe tena.

Kipande cha kutoka Chalinze ndo mzee alikuwa akifungua hadithi zake za Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, na aisee tulijikuta tunazisimulia wenyewe, kila mtu anachukua kipande chake. Mzee alikuwa kijana Pare wakati magari ya mashindano yanapita huku kwetu, na hakuna kitu alichojivunia kama Bert Shankland, maana alikuwa anaishi hapa hapa Tanzania na alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na Peugeot 404. Mzungu ndiyo, lakini kwa mzee alikuwa mtu wa nyumbani. Halafu ikaja 504, Ove Andersson akashinda nayo 1975, Jean-Pierre Nicolas naye 1978. Dada alikuwa anazijua hizo tarehe kabla hajajua tarehe ya uhuru. Mzee alikuwa na hoja yake kwamba gari iliyoshinda kwenye matope na vumbi letu ndo gari yetu, hata kama imetengenezwa Ufaransa, na kila akiinama kutuonyesha chini alikuwa anahesabu springi za nyuma, "moja, mbili, tatu, nne," maana wagoni ina nne wakati saluni ina mbili. Ndo maana ilibeba gunia sita bila kukaa chini.

Daraja la Wami wakati ule lilikuwa bado lile la zamani, jembamba, linapitisha gari moja moja, unashuka mteremko mkali halafu unapanda mwingine. Hapo mama aliacha kuongea. Mzee alikuwa anashuka pale na gia ya pili bila kukanyaga breki sana, na kaka alifanya vile vile, nilimwona mama anaangalia mkono wa kaka kwenye gia mpaka tulipotokea ng'ambo ya pili, ndo akafungua mfuko akatoa mayai ya kuchemsha akatugawia.

Mkata trafiki akatusimamisha. Tukajua tayari. Akazunguka gari taratibu, akaangalia tairi, stika, fayastingwisha, akamsalimia mama shikamoo, kisha akamwomba kaka afungue boneti. Akainama pale muda mrefu. Kumbe baba yake alikuwa na 504 pikapu, alikuwa anabebea ndizi. Akasema hajaisikia hii sauti tangu yuko shule ya msingi, naomba uiwashe tena kaka. Kaka akawasha. Yule askari akasimama tu ameshika kofia yake mkononi, kisha akatuambia nendeni salama, mama safari njema. Mi nilibaki nafikiria ni nyumba ngapi hii nchi zina kumbukumbu kama yetu.

Mombo tukala wali na kuku, na hapo Usambara imesimama kulia kwako kama ukuta. Mpaka hapo mshale wa joto haujatikisika. Ila baada ya Mombo unajua mwenyewe, mvua zinabaki kule juu milimani na huku chini ni migunga na vumbi na jua linakukaanga. Tulipokaribia Hedaru, saa nane mchana, gari ikaanza kukohoa, ikavuta, ikakosa nguvu, ikazimika. Kaka akaisogeza pembeni kwa ule mwendo uliobaki.

Tukafungua boneti. Kaka anasema plagi, mi nasema mafuta machafu, dada anasema tupige simu kwa fundi, na mtandao ulikuwa unakuja na kupotea. Kaka akaanza kunung'unika kwamba yeye alisema, alisema toka mwanzo. Mama akashuka pole pole ameshika kiuno, akatoa khanga yake moja na chupa yake ya maji ya kunywa, akailoweka ile khanga, akaniambia kwa sauti ile ile anayotumia kuomba nimletee chumvi jikoni, "weka hapo kwenye pampu ya mafuta. Hapo, si hapo. Funika yote." Akasema mwaka 1991 ilizimika karibu na hapo hapo, mzee akafanya hivyo, petroli inachemka kwenye pampu kwa joto inakuwa mvuke na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Alikaa kiti kile cha mbele zaidi ya miaka 25 na hajawahi kushika usukani hata siku moja. Sisi wote watatu na leseni zetu tulikuwa tumesimama pale tunamwangalia.

Tukakaa chini ya mgunga kama dakika 20. Mama akaturudishia kidogo kidogo zile safari za zamani, nani alitapika wapi, nani alisahaulika Korogwe kwenye machungwa (ni mimi, nilikuwa na miaka 5, walifika mbele kidogo wakahesabu vichwa wakarudi mbio). Kisha akasema jaribuni. Stata ya kwanza, ikawaka. Kaka hakusema kitu, ila kuanzia pale nilimwona kila kilima kidogo anaipapasa ile dashibodi na yeye.

Same tulijaza mafuta na maji. Mwanga tulifika jua limeshaegemea upande wa Nyumba ya Mungu, tukakata kulia kupanda mlimani. Hiyo barabara si ndefu ila ni kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande wa pili korongo, na gari ilikuwa na mzigo. Gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Mshale ukaanza kupanda. Hapo kaka akafanya kitu cha mzee bila kuambiwa na mtu, akafungua hita mpaka mwisho, maana hita inachukua joto la injini inalileta ndani kwa abiria. Tukafungua vioo vile vinavyofunguka, miguu inaungua, jasho linatutoka, mshale ukasimama, ukarudi. Tulivyopita Kikweni ule ubaridi wa juu ukaingia na harufu ya moshi wa kuni, na mama akajifunga ile khanga ya pampu mabegani ikiwa bado inanuka petroli, nikamwambia nikupe nyingine, akasema acha.

Usangi watu walituskia kabla hawajatuona. Ile sauti inapanda bonde lote, na shangazi anasema alikuwa jikoni akageukia mlango akasema huyo ni Mwalimu, kisha akakumbuka. Tulipoingia uani wazee walikuwa wameshatoka, mmoja akaja moja kwa moja kushika boneti ikiwa bado ya moto. Makande yalikuwa tayari. Kaka alibaki kwenye gari baada ya kuzima, sisi tumeshateremsha godoro na mchele na yeye bado amekaa, nikamwacha.

Tukaipaki chini ya mparachichi, tukaijengea kibanda cha bati. Kaka ndo alinunua bati. Mi nilirudi Dar na basi siku nne baadaye.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada mpwa wangu anaiwasha kama mzee alivyokuwa anafanya, anaiacha inguruma dakika 10, na mama ananipigia simu, hasemi hata halo, anaweka simu kwenye boneti nisikie. Jumapili iliyopita ilichukua stata nne. Nimewaambia wasafishe terminali za betri kwa maji ya moto, kaka anapanda wiki ijayo na betri mpya.